Pini ya Saba

Kazi yangu ni kukunja.
Hapa Jinja, katika banda la ndege lenye mabati yanayolia jua likipanda,
nakunja miavuli ya watu wazito,
watu wenye watoto, wenye mikopo ya benki:
Khainza, daktari wa meno kutoka Mbale,
na yule kijana wa bima aliyemdanganya mama yake kuwa yuko semina.

Kiswahili nilikipata kambini, baba akiwa koplo,
na ukunjaji nao ni wake:
shati la sare, pembe kwa pembe, bila mkunjo wa uongo.
Nailoni haina subira ya pamba.
Inateleza, inajaa pumzi, inataka kuondoka mapema.
Naikalia kwa magoti, naitoa hewa
kama mama anayemcheulisha mtoto,
kisha kamba moja moja naiuliza imelala wapi.
Mwisho natia uzi mwekundu, nabana lakiri ya risasi,
risasi ndogo, isiyoua ila jina langu.
Kwenye kadi naandika: Kagoya, tarehe, sahihi.
Baada ya hapo mwavuli wa akiba haupaswi kufunguliwa
mpaka siku ya ukaguzi,
au siku ile nyingine.

Ijumaa, saa mbili usiku, nilihesabu zana.
Nina pini saba za kushikizia wakati wa kukunja,
kila moja na utepe mwekundu mrefu
ili hata mpumbavu aione.
Zilikuwa sita.

Nikahesabu tena. Baliraine, mwanafunzi wangu,
akapiga magoti na tochi, akakung'uta zulia,
akasema: Mama, huenda ni panya.
Panya hali chuma, nikamwambia.
Na ukutani imening'inia miavuli sita, imefungwa, imetiwa lakiri,
minene, mitulivu, kama mikate ya sikukuu.
Wa kwanza uliahidiwa mtu saa moja asubuhi.

Mwondha, mwenye kampuni, akaja na funguo za gari mkononi.
Akanipigia hesabu ya mafuta ya ndege, ya hoteli,
ya pesa zilizokwisha kulipwa na kuliwa.
"Kagoya, ni bahati mbaya moja katika mia."
Sikuwa na hesabu ya kumjibu.
Nikachukua mkasi.

Mlio wa uzi ule kukatika ni mdogo sana.
Wa kwanza uliruka, ukamwaga weupe wake sakafuni. Hakuna.
Wa pili, hakuna. Katika wa tatu nilikuta kadudu ka ziwani,
kamekauka, na mabawa yake yote.
Wa nne. Wa tano. Mwondha aliondoka, sikusikia mlango.
Nilipofika wa sita vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikaanza kuomba iwemo.
Mungu anisamehe, niliomba iwemo,
ili usiku wangu usiwe wa bure.

Haikuwemo.

Saa tisa nilivua kitambaa cha kichwa nijifute uso.
Baliraine akacheka, akajiziba mdomo.
Pini ilikuwa kwenye nywele zangu,
nimeichomeka mwenyewe mchana wakati wa joto,
na utepe wake sasa umeteremka mgongoni kama mkia wa tiara.

Jumamosi hakuna aliyeruka. Mikono iliyokesha haikunji.
Walisimama uwanjani, wakalitazama anga safi, lisilo na upepo,
kisha wakanitazama mimi.
Khainza alidai nauli yake. Mwondha alinikata mshahara.
Kwenye kadi sita niliandika, kwa kalamu isiyofutika:
Umefunguliwa. Sababu: kosa la mkunjaji.
Mara sita, na mara ya sita mwandiko ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Aliruka Alhamisi. Mwavuli mkubwa ulifunguka kama kawaida,
akatua pembeni, karibu na miwa, penye matope.
Akanitupia mfuko mezani, akalalamikia viatu vyake.
Nikaigusa lakiri. Nzima, bado baridi ya huko juu.
Pole kwa viatu, daktari, nikasema.